Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nasaba: Mzee Wetu Alishtakiwa kwa Mauaji

Katika barua zilizofika miezi hii miwili, nne zinahusu jambo moja, nalo ni mtu anayefuatilia nasaba yake kwa utulivu, akitafuta tarehe za kuzaliwa na za ndoa, kisha akakuta jina la mzee wake katika kesi ya mauaji. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu inauliza karibu kila kitu ambacho mtu katika hali hiyo anahitaji kujua. Zilizobaki zinaongeza yale ambayo ya kwanza haikuyagusa.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifuatilia nasaba ya upande wa baba yangu. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba baba yake babu alisafiri kwa meli akazama baharini, na kwamba ndiyo sababu hana kaburi. Mwezi uliopita, nikipekua gazeti la zamani kutafuta habari za meli hiyo, nilikuta mistari minne tu: mtu mwenye majina yake yote mawili amefikishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kumuua jirani yake baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na kesi yake imepelekwa mahakama ya juu. Gazeti hilo lilitoka miezi mitano kabla ya babu yangu kuzaliwa. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nitajuaje kwamba ni yeye? Kama ni yeye, kesi yenyewe nitaipata wapi? Na je, nimwambie shangazi yangu, ambaye ana umri wa miaka 91 na ndiye pekee aliyebaki katika kizazi cha baba?

*Kitukuu mwenye mashaka*

JIBU

Kitukuu mpendwa, barua yako nimeisoma mara mbili, na ninaelewa kwa nini usingizi umekupotea. Hata hivyo, mpaka sasa ulichonacho mkononi ni jina na mistari minne ya gazeti, na jina peke yake halimtambulishi mtu. Majina hurithiwa: ndugu wawili humpa kila mmoja mtoto wake jina la baba yao, na baada ya miaka thelathini kitongoji kimoja kina watu watatu wenye jina hilo, wenye umri unaokaribiana, na wote ni wakulima. Kabla hujamwandikia mzee wako shtaka la mauaji katika nasaba yenu, tafuta angalau mambo mawili yaliyo nje ya jina, yaani umri, kazi, mahali alipoishi au jina la mkewe, na uyapate katika karatasi mbili ambazo haikuwezekana moja kunakiliwa kutoka kwa nyingine.

Karatasi zinazosaidia zaidi katika hili ni daftari za magereza, na watafiti wengi huzisahau kwa sababu akili zao zote ziko mahakamani. Nakumbuka ukurasa mmoja niliounakili kwa penseli, kwa kuwa kalamu za wino haziruhusiwi katika vyumba vya kusomea nyaraka. Karani alikuwa amempima mfungwa urefu, akaandika rangi ya macho yake na kovu lililopinda chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, kisha pembeni kabisa, katika nafasi finyu iliyomlazimu kubana herufi, akaandika jina la mke na idadi ya watoto. Kovu hilo ndilo lililomaliza ubishi, maana hati ya mtu huyo ya kuachishwa jeshi, iliyoandikwa miaka kadhaa kabla na karani mwingine katika mji mwingine, ilitaja kovu lile lile kwenye kidole kile kile. Uingereza, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 1871 iliyotaka watu waliotiwa hatiani kwa uhalifu wapigwe picha na kuingizwa katika rejista, kwa hiyo wapo vitukuu ambao picha ya pekee ya mzee wao ni ile iliyopigwa gerezani.

Wakati huo huo, jitahidi kukanusha kabla ya kuthibitisha. Ile habari ya meli mliyorithi ni dai linaloweza kupimwa: tafuta orodha ya mabaharia na abiria, na habari za meli zilizozama mwaka huo. Ukimkuta mzee wako ndani ya meli siku ambayo mshtakiwa alikuwa kizimbani, umemaliza, na mshtakiwa ni mtu mwingine. Usipoikuta meli, bado hujathibitisha lolote, ila umeondoa kizuizi kimoja.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Ushauri wangu hapa huwashangaza wengi: anza na marehemu. Usianze na mzee wako. Karatasi za mwanzo kabisa za kesi ya mauaji huandikwa kabla mshtakiwa hajapatikana, na huhifadhiwa kwa jina la aliyekufa. Ipo taarifa ya uchunguzi wa kifo, yapo maelezo ya daktari aliyeukagua mwili, ipo rejista ya maziko ambayo wakati mwingine kasisi au karani ameongeza maneno mawili matatu pembeni. Nimewaona watu wakihangaika mwaka mzima na jina la mshtakiwa lililoandikwa vibaya, ilhali jina la marehemu liliandikwa sawasawa tangu siku ya kwanza, na chini yake jalada zima lilikuwa likisubiri.

Ukitoka hapo, zifuate karatasi kwa mpangilio zilivyozaliwa. Baada ya uchunguzi wa kifo huja maelezo ya mashahidi mbele ya hakimu wa awali, kisha hati ya mashtaka, kisha mwenendo wa kesi katika mahakama ya juu, hukumu, rufaa kama ilikuwapo, ombi la huruma kwa mtawala, na mwisho daftari za gereza. Mara nyingi si zote zilizosalia. Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kitu ambacho watu hukitarajia zaidi, yaani kila neno lililosemwa mahakamani, ndicho kinachokosekana zaidi, kwa sababu kwa karne nyingi mahakama haikulazimika kuyaandika yote. London ni tofauti ya pekee: ripoti za kesi za mahakama ya Old Bailey zilichapishwa tangu mwaka 1674 hadi 1913, ni kesi zaidi ya 197,000, na leo zinasomwa bure kwenye intaneti. Kwa kesi za Uingereza nje ya London itakubidi uende kwenye rekodi za mahakama za mzunguko, yaani za majaji waliozunguka mikoani, zilizopo katika hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, London, na mara nyingi usomee gazeti pembeni.

Msomaji ambaye mzee wake ni wa zamani zaidi ajue kwamba rekodi rasmi za mahakama za Uingereza ziliandikwa kwa Kilatini hadi mwaka 1733, na kwamba maisha ya mtu yanaweza kuwa yamefupishwa katika vifupisho vinne vilivyobanwa juu ya jina lake. *Po se* maana yake alikana shtaka na kujiweka mikononi mwa wazee wa juri, yaani raia walioamua kama mshtakiwa ana hatia. *Cul* maana yake alionekana na hatia. *Ca null* maana yake hakuwa na mali ya kutaifishwa. Na *sus* maana yake anyongwe. Nilipoliona neno hilo la mwisho kwa mara ya kwanza, kwa wino uliofifia kuwa rangi ya chai, ilinibidi niinuke kitini.

Nchini Ufaransa, na katika nchi nyingi zilizofuata mfumo wake, utakuta hali nyingine kabisa. Huko hakimu wa uchunguzi hukusanya jalada lililoandikwa kwa kirefu kabla ya kesi kusikilizwa, nalo likisalia lina utajiri mkubwa: michoro ya mahali pa tukio, barua zilizokamatwa, maswali na majibu neno kwa neno. Majalada ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yamo katika hifadhi za nyaraka za kila mkoa, katika kundi lenye alama ya herufi U. Sheria ya huko hufunga majalada ya mahakama kwa miaka 75, na kwa miaka 100 pale yanapomhusu mtoto, kwa hiyo hesabu miaka kabla ya kufunga safari.

Kama kesi ilisikilizwa katika koloni la Uingereza barani Afrika, tambua mambo matatu. Mara nyingi hapakuwa na juri. Jaji aliketi na wazee washauri, akawasikiliza maoni yao, lakini hakufungwa nayo, na maoni hayo huandikwa mwishoni mwa mwenendo wa kesi, wakati mwingine yakipingana waziwazi na hukumu. Pili, hukumu ya kifo haikutekelezwa kabla ya gavana kuipitia, na jaji aliandika taarifa yake kwa ajili hiyo. Katika taarifa hiyo jaji husema mambo ambayo hakuyasema mahakamani, yakiwemo mashaka yake mwenyewe. Tatu, kesi chache zilifika hadi Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na kwa rufaa ya namna hiyo mara nyingi mwenendo wa kesi ulichapishwa kama kitabu. Jalada la awali linaweza kuwa limeliwa na mchwa huku nakala hiyo iliyochapishwa ikiwa salama ng'ambo.

Ukishaipata kesi, nakusihi usikimbilie ukurasa wa mwisho. Hukumu inakuambia mahakama iliamua nini. Haikuambii nani alikuwa mzee wako, na wakati mwingine haikuambii hata nini kilitokea. Soma maelezo ya mashahidi, na uyasome ukijua yalivyotengenezwa. Shahidi hakusema yale maneno yanayotiririka kwa ufasaha. Aliulizwa maswali, akajibu "ndiyo" au "sikuona", pengine kwa lugha ambayo mkalimani aliifasiri apendavyo, na karani akayaunga majibu hayo kuwa habari moja inayoanza na "mimi". Chini yake shahidi akaweka alama ya msalaba, kwa sababu hakujua kusoma kile alichodaiwa kukisema. Ninachokifanya mimi ni kuyaweka maelezo ya shahidi mmoja mbele ya hakimu wa awali kando ya maneno yake mahakamani miezi mitatu baadaye, nikapiga mstari chini ya kila kilichobadilika. Umbali wa hatua kumi umekuwa hatua tatu. "Nilisikia sauti" imekuwa "nilisikia sauti yake". Hapo ndipo kesi ilipojengwa au ilipobomoka.

Usiyapime pia maneno ya wakati ule kwa kanuni za leo. Katika Uingereza, hadi mwaka 1836 mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kuhutubia juri kwa niaba yake, na hadi mwaka 1898 yeye mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo katika kesi yake. Nimepokea barua za wasomaji wanaosema, kwa uchungu, "mzee wetu hakujitetea hata kwa neno moja, basi lazima alikuwa na hatia". Huenda sheria ndiyo iliyomziba mdomo. Na mahakama maalumu ya rufaa za jinai ilianzishwa huko kwa sheria ya mwaka 1907, kwa hiyo kukosekana kwa rufaa kabla ya hapo hakumaanishi kwamba familia ilikubali hukumu.

Kuhusu kaburi lisilokuwapo, nitasema kwa tahadhari. Tangu mwaka 1868, Uingereza ilipokomesha kunyonga watu hadharani, waliotekelezewa hukumu walizikwa ndani ya kuta za gereza, na ndugu hawakukabidhiwa mwili. Familia iliyobaki bila kaburi ilihitaji maelezo ya kuwapa watoto, na bahari ni maelezo yasiyoulizwa zaidi. Lakini kesi ya mauaji ina milango mingi ya kutokea: kuachiwa huru, kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kupunguziwa adhabu ya kifo kuwa kifungo, au kuonekana kwamba hakuwa na akili timamu. Hospitali ya Broadmoor, iliyofunguliwa mwaka 1863, ilipokea wengi wa kundi hili la mwisho, na wapo walioishi humo miaka arobaini huku wajukuu zao wakiambiwa wamekufa. Kwa hiyo usimnyonge mzee wako kabla ya mahakama kumnyonga.

Swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Shangazi yako ana umri wa miaka 91 na hana deni la kubeba uvumbuzi wako. Usimwambie lolote mpaka ule utambulisho wa mambo mawili uwe umekamilika, kwa maana ukimpa habari hiyo kisha ikaonekana ni ya mtu mwingine, hutaweza kuirudisha. Ukishathibitisha, usianze kwa kumwambia. Anza kwa kumuuliza. Kaa naye faraghani, umwambie, "Shangazi, ningependa kusikia ulivyosimuliwa habari za babu yako," kisha unyamaze. Wazee wengi wanajua. Walisikia wakiwa watoto, nyuma ya mlango, na wameishi miaka themanini wakidhani ni wao pekee waliobaki na siri hiyo. Akisema "alizama baharini" na kugeuza mazungumzo, heshima inakutaka umwache na bahari yake. Akinyamaza kisha akauliza, "Umepata nini?", basi mlango ameufungua mwenyewe, nawe mjibu anachouliza kwa kadiri anavyouliza, bila kumsomea maelezo ya daktari kuhusu majeraha.

SWALI LA PILI

Mheshimiwa Mshauri, nimetafuta jina la mzee wangu katika magazeti ya zamani yaliyowekwa kwenye kompyuta nikaambulia patupu, ingawa bibi yangu alihakikisha kwamba kesi yake ilivuma sana. Nimekosea wapi?

*Msomaji aliyekata tamaa*

JIBU

Huenda hukukosea popote. Kurasa hizo zilisomwa na mashine, na mashine hukosea mahali wino ulipovuja au karatasi ilipokunjwa. Katika magazeti ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1800 hivi, herufi "s" ya katikati ya neno iliandikwa kwa umbo refu linalofanana na "f", na mashine huisoma hivyo. Mwanamke aitwaye Rose anakuwa Rofe, na Jesse anakuwa Jeffe. Andika jina kwa makosa unayoweza kuyawazia. Tafuta kwa jina la marehemu, jina la kijiji, jina la jaji aliyekuwa akizunguka eneo hilo mwaka huo, au kwa maneno kama "kisima" na "shoka" ikiwa familia inakumbuka kitu kama hicho. Hilo likishindikana, tafuta tarehe za kikao cha mahakama, kisha lisome gazeti la juma hilo ukurasa kwa ukurasa kwa macho yako. Ni kazi ya jioni mbili, nami naifanya mpaka leo.

Mikusanyo mikubwa isiyotoza malipo ni Trove ya maktaba ya taifa ya Australia, Papers Past ya New Zealand, Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani na Gallica ya Ufaransa. Usiidharau Trove hata kama mzee wako hakufika Australia, kwa sababu magazeti ya huko yalinakili kesi za Uingereza zilizovuma, na pengine nakala hiyo ndiyo iliyosalia vizuri. Ila elewa kwamba magazeti yalinakiliana. Ukikuta magazeti kumi yanasema mzee wako alicheka hukumu iliposomwa, na yote yanatumia maneno yale yale, hapo una shahidi mmoja, si kumi, na shahidi huyo alilipwa kwa idadi ya mistari.

SWALI LA TATU

Ndugu Mshauri, mimi ni mwanamke, na aliyeshtakiwa katika ukoo wetu alikuwa mwanamke pia: bibi wa vizazi saba nyuma, mtumishi wa nyumbani ambaye hakuwa ameolewa, aliyeshtakiwa nchini Uingereza mnamo karne ya 18 kwa kumuua mtoto wake mchanga. Aliachiwa huru. Nimefarijika, lakini kaka zangu wanasema tulifute jambo hili katika kitabu cha ukoo kwa kuwa ni aibu. Nisaidie kuelewa kesi yake.

*Binti wa ukoo*

JIBU

Dada yangu, kesi ya bibi yako haieleweki bila sheria aliyoshtakiwa kwayo, na ukiwaeleza kaka zako sheria hiyo huenda wakaliangalia upya neno "aibu". Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1624 ilisema kwamba mwanamke asiye na mume aliyeficha kifo cha mtoto wake mchanga ahesabiwe kuwa amemuua, isipokuwa alete angalau shahidi mmoja wa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa akiwa mfu. Fikiria maana yake kwa mtumishi aliyejifungua peke yake usiku, katika chumba cha juu, akiogopa kufukuzwa kazi. Upande wa mashtaka haukulazimika kuonyesha kwamba mtoto alipumua. Kuficha kwenyewe ndiko kulikokuwa ushahidi wa kuua.

Kwa namna hiyo utaelewa kwa nini, katika ripoti za kesi hizo, mashahidi huulizwa tena na tena kuhusu vitambaa. Kama mwanamke angeweza kuonyesha kwamba alikuwa ametayarisha nguo za mtoto, hata kofia moja ndogo aliyoishona mwenyewe, juri liliweza kusema kwamba hakukusudia kuficha, na sheria ya 1624 haikumhusu tena. Kadiri karne ya 18 ilivyoendelea, ndivyo wazee wa juri walivyokuwa wepesi kuupokea utetezi huo. Itafute kesi yake, na uangalie kama kuna mtu aliyefungua sanduku lake mbele ya mashahidi na kutoa kilichokuwamo. Mimi nimewahi kusoma ushahidi wa mwajiri aliyeeleza hivyo, akihesabu kitambaa kimoja kimoja: viwili vya kufungia, shati moja, kofia moja. Yawezekana maisha ya bibi yako, na ya watoto wote aliowazaa baadaye pamoja na wewe, yalisimama juu ya sindano na uzi.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1803, na mahali pake likawekwa kosa dogo zaidi la kuficha uzazi, lenye kifungo kisichozidi miaka miwili. Mwaka 1922 Uingereza ilitambua kwamba mama aliyemuua mtoto wake mchanga, huku akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, asihukumiwe kama muuaji, na mwaka 1938 ulinzi huo ukapanuliwa hadi mtoto wa chini ya miezi 12. Bibi yako alisimama kizimbani kabla ya hayo yote. Simwoni kuwa doa la kufutwa. Mwandikeni kwa jina lake, mwandikeni na yule mtoto pia, hata kama hakupewa jina, na muweke tarehe.

SWALI LA NNE

Ndugu Mshauri, wengi wanaokuandikia ni wa upande wa mshtakiwa. Mimi ni wa upande wa pili. Aliyeuawa alikuwa baba wa bibi yangu. Nilipofungua jalada la kesi katika hifadhi ya nyaraka, mhudumu alinidokeza kwamba kuna familia nyingine iliyoliomba jalada hilo mwaka huu, na ninaamini ni vitukuu vya yule aliyemuua. Ninatamani kuwaandikia, na ninaogopa. Je, nifanye hivyo?

*Kitukuu wa marehemu*

JIBU

Ndugu yangu, pole kwa msiba ambao ni wa zamani lakini umeusoma upya kama wa jana. Ni kweli kwamba marehemu husahaulika. Magazeti humpa mshtakiwa safu nzima na marehemu mistari miwili, na watafiti wa nasaba wanaurithi upungufu huo bila kutambua: ninaijua mikusanyo mingi ya kumbukumbu za familia ambamo kesi imeelezwa kwa kurasa ishirini na aliyekufa hakupewa hata mwaka wa kuzaliwa.

Waandikie, lakini usiwatafute mwenyewe. Mhudumu hakupaswa kukudokeza hata hilo, na hana ruhusa ya kukupa majina yao; usimwombe. Unachoweza kufanya ni kumwachia msimamizi wa chumba cha kusomea barua iliyofungwa, ukimwomba awatumie watu hao kama wataridhia kuipokea. Hivyo uamuzi unabaki kwao. Barua ya kwanza iwe fupi. Jitambulishe, sema wewe ni mzao wa nani, sema kwamba hutafuti radhi wala fidia, na taja kitu kimoja ulicho nacho ambacho wao hawana, na kingine ambacho ungependa kukijua. Wewe yamkini una picha ya marehemu au kumbukumbu ya alivyokuwa. Wao wanaweza kuwa na barua zilizotoka gerezani. Usiambatanishe nakala za ushahidi. Usiandike neno "muuaji", hata kama mahakama ililiandika, kwa kuwa atakayelisoma hakuua mtu.

Jibu linaweza kuchelewa miezi, na linaweza lisije kabisa; katika hilo wana haki yao. Wakati unasubiri, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Rudi kwenye taarifa ya uchunguzi wa kifo, ukurasa ambao kila mtu huuruka kwa sababu hauna habari ya ugomvi, ule unaoorodhesha vitu vilivyokutwa katika mifuko ya marehemu siku ile. Unakili wote, kitu kwa kitu, kwa mpangilio ule ule ambao karani aliufuata, kisha uuweke mwanzoni mwa kumbukumbu zenu kumhusu, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote.